Siku Moja kwenye Shamba la Viungo: Mwongozo wa Kujifunza Kupika Unguja

Darasa la mapishi la shambani huanzia mtini na kumalizikia kwenye sinia. Kisiwani Unguja madarasa ya aina hii yamejikusanya katika vijiji vya kaskazini-mashariki ya mji, Kizimbani, Kidichi, Dole na majirani zao, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka Mji Mkongwe. Asubuhi watu hutembezwa shambani, vya kupikia huchumwa, nazi hukunwa, moto huwashwa, na kufikia saa nane mchana chakula kiko mkekani.

Wengi wanaokwenda ni watalii wa ng'ambo, na shughuli imepangwa kwa kuwafuata wao. Mpishi anayetoka Dar es Salaam, Mombasa au Muscat ana haja nyingine. Pilau ameila tangu utotoni, na pengine huipika kila Ijumaa. Anachotafuta ni kujua kwa nini iliki yake hainukii, kwa nini tui lake hukatika, na kwa nini wali wa mwenzake huchambuka punje kwa punje na wake ukawa bokoboko. Ana faida moja ambayo mtalii hana: anaelewa lugha ya mpishi. Mwongozaji anapotafsiri, maneno kumi ya mpishi huwa matatu. Anayejua Kiswahili huyapata yote kumi, pamoja na yale anayojisemea mpishi akiwa ameinamia moto.

Kwa nini kuanzia shambani

Harufu ya karafuu, iliki au mdalasini ni mafuta mepesi yanayoruka hewani kila kiungo kinapopondwa, kusagwa au kuachwa juani. Bizari iliyosagwa zamani na kukaa miezi kwenye paketi imebaki na rangi na uchungu, lakini harufu imekwenda. Mpishi asiyelijua hilo huongeza kijiko juu ya kijiko akiitafuta harufu, na mwisho hupata chakula kichungu. Siku ya shamba huipa pua kipimo. Aliyekwisha kupasua iliki mpya kwa ukucha na kuinusa papo hapo hadanganyiki tena na iliki ya duka iliyopauka.

Mashamba yenyewe yana historia inayoeleza sura yake ya leo. Mikarafuu, ambayo asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, iliingia Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na Kizimbani ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kupandwa. Sultani Seyyid Said aliieneza kwa nguvu, na kazi ya mashamba ikafanywa na watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo kisiwa cha karafuu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iligawiwa wananchi kwa vipande vya eka tatu. Ndiyo maana shamba analotembezwa mgeni leo mara nyingi ni dogo na la mchanganyiko: mkarafuu hapa, mnazi pale, mdalasini kando ya njia, muhogo nyuma ya nyumba. Anayetarajia safu ndefu za mikarafuu hadi upeo wa macho aende Pemba.

Jambo jingine halitajwi sana matembezini. Bizari nyembamba, wengine huiita uzile, ndiyo inayoipa pilau harufu yake kuu, na haioti Unguja. Huja kwa meli, hasa kutoka India, pamoja na gilgilani. Shamba humfundisha mtu karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga, manjano na tangawizi. Nusu ya pili ya pilau iko Darajani sokoni, na haifai kumlaumu mwongozaji kwa kutoionyesha.

Kuchagua siku na shamba

Masika, kati ya Machi na Mei, ni wakati mgumu: njia zina utelezi na kuni zimelowa. Karafuu huchumwa hasa katika nusu ya pili ya mwaka hadi Januari, kwa misimu inayopanda na kushuka kufuatana na mvua. Anayetaka kuona majamvi yaliyoanikwa karafuu aulize kwanza kama uchumaji umeanza. Mwezi wa Ramadhani watu hawali mchana hadharani, na mpishi mwenyewe amefunga, kwa hiyo hawezi kuonja. Wakati huo ni vyema kuuliza kama darasa linaweza kusogezwa alasiri liishie kwenye futari.

> Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa
>
> ☐ Jiko moja lina wanafunzi wangapi? Wakizidi sita, wengi huishia kutazama.
>
> ☐ Mwanafunzi atapika kwa mkono wake, au ataonyeshwa tu?
>
> ☐ Vitapikwa vyakula gani? Viwili vikifundishwa vizuri vinashinda sita vya haraka haraka.
>
> ☐ Je, bei inajumuisha gari, mwongozaji, chakula na viungo vya kuondoka navyo?
>
> ☐ Bei ya Mtanzania ni ipi, na ya mgeni wa nje ni ipi?
>
> ☐ Je, mpishi anaweza kufundisha kwa Kiswahili moja kwa moja?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Kundi likichanganyika na wageni wasiojua lugha, darasa litaendeshwa kwa Kiingereza na mpishi atanyamaza. Watu wanne wa familia moja wakiomba siku yao wenyewe, hata kwa kuongeza kidogo, hupata somo la aina nyingine kabisa.

Vya kwenda navyo

Suruali ndefu au kanga, na viatu vilivyofunika vidole, vinatosha kwa mavazi. Vijiji hivi ni vya Waislamu, kwa hiyo mabega na magoti yafunikwe. Viongezwe daftari dogo na kalamu (simu iliyojaa mafuta ya nazi haiandikiki), dawa ya mbu, maji ya kunywa, kitambulisho kwa anayetoka Bara, na kikapu au mfuko wa kitambaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Zanzibar na Tanzania Bara. Mwenye pumu akumbuke kwamba jikoni ni moshi wa kuni, na aende na dawa yake. Asiyeweza kula nazi, samaki au njugu aseme siku ya kuweka nafasi, asingoje chungu kikiwa motoni.

Kufika kwenyewe kuna adabu yake. Mpishi mara nyingi ni mama mtu mzima, na huamkiwa kabla ya jambo lolote: shikamoo kwanza, kisha habari za nyumbani, kisha kazi. Huitwa Bi na jina lake. Anayeingia jikoni kwa mwenyewe bila hodi, kamera mbele, ameanza vibaya.

Matembezi: kutumia pua na kucha

Matembezi huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Kosa la wengi ni kupiga picha kila mti na kutonusa hata mmoja. Utaratibu unaofaa ni huu: kila mti uguswe, jani lisuguliwe kiganjani, linuswe, kisha liandikwe jina na sehemu inayotumika jikoni. Sehemu hiyo ndiyo somo, maana kila kiungo hutoka mahali pake mtini.

Karafuu ni ua ambalo halijachanua. Huchumwa likiwa kijani linaloanza wekundu. Likichanua, thamani imeshuka. Vishada huchambuliwa kwa mkono, karafuu huku na makonyo kule, kisha huanikwa siku kadhaa hadi zipige weusi wa kahawia. Karafuu nzuri ikibanwa kwa ukucha hutoa mafuta.

Mdalasini ni gome. Mwongozaji hukwangua kipande kwa kisu na kumpa mgeni atafune: utamu huja kwanza, ukali baadaye. Kisha huchimba mzizi mdogo, akaukwangua nao, na hapo wengi hushtuka, kwa sababu mzizi wa mti uleule unanuka kafuri kama dawa ya kuchua kifua. Jani lake lina harufu ya tatu, karibu na karafuu, na wapo wanaolitia kwenye chai.

Iliki huwashangaza waliodhani inaning'inia juu mtini. Maganda yake huota chini kabisa, kwenye vikonyo vinavyotambaa juu ya udongo. Pilipili manga ni mtambaa unaopanda mti mwingine, na nyeusi na nyeupe ni tunda lilelile: ikikaushwa na ganda huwa nyeusi, ikivuliwa ganda huwa nyeupe. Kungumanga ikipasuliwa huonyesha kokwa lililovishwa wavu mwekundu, ambao ni basibasi, kiungo kingine chenye bei yake. Kungumanga kidogo kwenye uji ni desturi nzuri. Kwa wingi ni sumu: huleta kichefuchefu na kuona maruweruwe, hata kama mwongozaji ataisifia kwa mambo ya chumbani.

Vanila mbichi hainukii kitu. Ua lake hufunguka asubuhi moja tu na huchavushwa kwa mkono kwa kijiti, kazi ambayo kijana Edmond Albius, aliyezaliwa utumwani, aliionyesha kisiwani Réunion mwaka 1841. Ganda hukaa mtini miezi mingi kabla ya kuvunwa, kisha huvundikwa na kukaushwa pole pole. Ni katika kuvundikwa huko harufu inapozaliwa.

> Tahadhari shambani
>
> Mkarafuu usipandwe na mgeni. Matawi yake hukatika ghafla, na wachumaji wazoefu huumia kila msimu. Majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, huanguka kwenye shingo za watu na kuuma vibaya, kwa hiyo tawi litazamwe kabla ya kuvutwa. Upupu usiguswe kabisa. Tunda lolote lisiliwe kabla ya kuulizwa.

Jikoni: nazi kwanza

Jiko la shambani huwa ni banda la makuti lenye mafiga au majiko ya mkaa, kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, na sufuria zilizopakaa masizi. Kazi huanza na nazi kwa sababu tui huhitajika mapema, na kwa sababu mbuzi humwonyesha mpishi nani ana mkono.

1. Nazi komavu itikiswe karibu na sikio. Maji yakisikika ndani, inafaa. Isiyolia imekauka au imeharibika.
2. Ipigwe katikati kwa mgongo wa panga huku ikizungushwa kiganjani, mpaka ipasuke vipande viwili. Maji yake yaonjwe: yakiwa yamechacha, nazi hiyo itupwe.
3. Mkunaji akae juu ya mbuzi, ulimi wa chuma ukiwa mbele yake. Kifuu kishikwe kwa mikono miwili na kizungushwe kidogo kidogo, kuanzia ukingoni kwenda ndani.
4. Weupe ukiisha na rangi ya kahawia ikaanza kutokea, mkono usimame. Kahawia huchafua tui.
5. Nazi iliyokunwa ikamuliwe kwa maji machache sana. Tui hilo zito, kasimile, liwekwe kando lifunikwe.
6. Maji ya vuguvugu, vikombe viwili kwa nazi mbili, yamwagwe juu ya machicha, yapondwe kwa mkono, yachujwe kwa kifumbu. Hilo ndilo tui la pili. Machicha yanayobaki ni ya kuku.

Kwenye mchuzi wa samaki wa nazi, mpangilio wa matui haya mawili ndio siri. Tui jepesi hupikia vitunguu, nyanya, manjano mabichi yaliyotwangwa na tangawizi mpaka vilainike. Samaki huingia baadaye. Kasimile huja mwishoni, moto ukiwa umepunguzwa, sufuria ikiwa wazi, na upawa ukiteka na kumimina bila kukoma mpaka mchuzi uanze kuchemka taratibu. Likiachwa lichemke kwa nguvu, mafuta hujitenga na maji na tui limekatika, na halirudi. Ndimu nayo ikitiwa mapema kwa wingi hulikata. Ikamuliwe chakula kikishaepuliwa.

Pilau ya watu wanane

Vipimo hivi ni vya jiko la kawaida. Mpishi wa shamba hupima kwa kiganja, na mwanafunzi mwerevu humwomba akimimine kiganja chake kwenye kijiko kwanza ili aandike.

Kinachohitajika: mchele wa basmati kilo 1, nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 1, viazi 6, vitunguu maji 5, thomu kichwa kimoja, tangawizi ya urefu wa kidole, bizari nyembamba vijiko 2 vya chakula, pilipili manga kijiko 1 cha chai, karafuu 8, iliki 10, mdalasini vijiti 2, mafuta robo lita, chumvi.

1. Nyama ichemshwe na nusu ya thomu, nusu ya tangawizi na chumvi mpaka ilainike. Supu isimwagwe.
2. Mchele uchaguliwe kwenye ungo, uoshwe mpaka maji yawe safi, uloweke nusu saa, uchujwe.
3. Nusu ya bizari na ya pilipili manga zitwangwe pamoja. Nyingine zibaki nzima.
4. Vitunguu vikatwe vyembamba vikaangwe kwa moto wa wastani mpaka viwe kahawia iliyokolea. Hapa haraka haifai, kwani rangi yote ya pilau inatoka hapa. Vikiungua, pilau ni chungu. Vikiepuliwa mapema, pilau ni nyeupe.
5. Thomu na tangawizi iliyobaki viingie, kisha karafuu, iliki iliyopasuliwa, mdalasini, na bizari na pilipili manga nzima. Kwenye mafuta ya moto viungo hivi hutoa harufu ambayo maji hayawezi kuitoa. Nusu dakika inatosha.
6. Viazi na nyama vigeuzwe humo mpaka vishike rangi, pamoja na viungo vilivyotwangwa.
7. Supu iingie, kikombe kimoja na nusu kwa kila kikombe cha mchele ulioloweka. Chumvi ionjwe sasa: supu iwe na chumvi kidogo kuzidi ile inayotakiwa.
8. Supu ikitokota, mchele uingie, ugeuzwe mara moja kwa mwiko, ufunikwe.
9. Maji yakishuka usawa wa mchele, moto wa chini upunguzwe na makaa yapaliwe juu ya mfuniko. Robo saa baadaye ifunuliwe, igeuzwe kutoka pembeni, ifunikwe tena dakika tano.

Kupalia ndiko kunakotofautisha pilau ya shamba na ya jiko la gesi. Joto la juu hukausha punje bila kuzikoroga. Nyumbani pasipo mkaa, sufuria yenye mfuniko mzito huingizwa ovenini kwa moto mdogo, na matokeo hukaribia.

Wapishi wengi wa Unguja hawatii nyanya kwenye pilau. Wa Bara na baadhi ya Wakenya hutia. Ubishi huu usianzishwe jikoni kwa mtu.

> Makosa yanayorudiwa
>
> Kukoroga mchele kila mara: punje huvunjika na kuwa bokoboko.
>
> Kusaga viungo vyote mapema, jana yake au juzi.
>
> Kutia mdalasini mwingi kwa kuwa umenunuliwa mbichi: kiungo kipya kina nguvu, kipimo kipungue.
>
> Kushika pilipili mbuzi za kachumbari kisha kujifuta jicho. Mikono ipakwe mafuta kwanza, kisha sabuni.
>
> Kumwachia mpishi mwiko kazi inapokolea. Aliyekuja kujifunza augeuze mwenyewe.

Kati ya mchele kuingia na kupakua kuna nafasi, na mara nyingi Adhuhuri huangukia hapo. Wanaosali huenda, na wengine hukata kachumbari. Chakula hupakuliwa kwenye sinia, mikono hunawishwa kwa birika, na kula ni kwa mkono wa kulia, kila mmoja upande wake. Mpishi akikaa kula pamoja na wanafunzi, huo ndio wakati wa maswali yaliyobaki. Mambo ambayo hakuyasema jikoni huyasema hapo.

Kununua na kuhifadhi

Shambani huwa na meza ya viungo vya kuuza. Vinunuliwe vizima, si vilivyosagwa. Mdalasini halisi una magome membamba yaliyojiviringisha tabaka kwa tabaka. Wenye gome moja nene na gumu ni wa jamii nyingine na ladha yake ni kali zaidi. Zafarani ya bei ya chini si zafarani: mmea wake hauoti Zanzibar, na nyuzi nyekundu zinazouzwa kwa mafungu makubwa mara nyingi ni maua ya mmea mwingine yanayotoa rangi bila harufu. Karafuu zinunuliwe kwa kiasi cha jikoni tu, maana biashara yake ya jumla iko mikononi mwa shirika la serikali, ZSTC. Anayesafiri nje ya nchi aachane na mizizi na miche mibichi mpaka ajue sheria za forodha za aendako. Viungo vikavu vilivyofungwa vizuri kwa kawaida havina taabu.

Nyumbani, viungo vikavu hukaa kwenye chupa za kioo zenye kifuniko, kabatini mbali na jiko, kila chupa ikiandikwa mwezi ilipojazwa. Iliki hubaki ndani ya ganda mpaka siku ya kupika. Kungumanga hukunwa kidogo kidogo inapohitajika. Manjano na tangawizi mbichi hufutwa udongo bila kuoshwa na kuwekwa kwenye karatasi mahali pakavu. Kipande kitakachotoa jicho hupandwa kwenye ndoo iliyotobolewa chini, kikiwa kimefukiwa kina cha vidole viwili.